Uliniuliza Kama Sauti Yako Ni Tamu

Atim, binti yangu, mama yangu,

Ukiiona barua hii utakuwa umeshafika Nairobi na umefungua mfuko wa adungu, hicho kinubi cha babu yako, ukaze nyuzi, maana najua hicho ndicho utakachofanya kabla hata ya kunywa maji. Nimeamua nitaikunja niiweke pale chini ya shingo ya adungu, mahali pekee katika mizigo yako ambapo mama yako hajapekua. Sasa hivi wewe uko Nateete, upande mwingine wa Kampala, kumuaga shangazi yako, na ukienda kwa shangazi hurudi mpaka ulishwe mara mbili. Kwa hiyo nina jioni yote peke yangu. Nimekaa hapa barazani, karatasi iko juu ya goti, chini watu wa Bukoto wanapita na makaveera yao, ile mifuko ya plastiki, yamejaa nyanya, na nikuambie ukweli, nimefurahi mpaka mistari inapanda na kushuka. Uvumilie mwandiko.

Habari za paspoti, za kuficha hela, za kutosinzia kwenye basi huku umekumbatia simu, sitaandika hata moja. Mama yako ameshazisema asubuhi, atazisema tena ukirudi, na kesho ataingia ndani ya basi azimalizie mpaka kondakta amwombe ashuke. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili ulikuwa unaosha vyombo, mimi nafuta. Ukaniuliza bila hata kugeuka: "Baba, sauti yangu ni tamu au si tamu?" Nikacheka. Nikakuambia mambo ya utamu hayana jibu, kila mtu na masikio yake. Ukafunga bomba. Ukajifuta mikono polepole, ukasema: "Siku ile ya mashindano walikuuliza, ukasema hujui. Leo je? Bado hujui?" Halafu ukaenda zako chumbani. Mimi nikabaki nimeshika kitambaa cha sahani kama mtu aliyeachwa na basi.

Mama yako alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema miaka yote ile nimekaa kwenye meza ya majaji nikiwahukumu watoto wa watu, leo wangu ananiuliza neno moja nampa hotuba. Nikarudi kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

Tangu hapo natembea na swali lako. Nimekwenda nalo kunyoa, nimekwenda nalo kanisani. Na wakati huohuo furaha inanisumbua. Kikundi cha watu wazima huko Nairobi, wanamuziki wa kweli, wamekuona kwenye simu ukiimba na adungu ya babu yako, wakasema tunamtaka huyo huyo, na sauti yake hiyo hiyo ya chini. Nimewaambia steji nzima ya boda. Mmoja akaniuliza kama utatokea kwenye televisheni, nikamwambia ndiyo, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo. Juzi nimemwambia hata yule mama wa maparachichi ambaye hatusalimiani. Kwa hiyo usidhani barua hii ni ya mtu mwenye huzuni. Ni ya mtu aliyekosa usingizi kwa furaha na ambaye binti yake anamdai jibu.

Ngoja nianzie kwenye chai.

Unajua mimi ni mtu wa Kitgum, kule kaskazini, na mama yako ni Mluhya wa Kakamega. Tulitongozana kwa Kiswahili, chake kizuri na changu cha kambini, tukaoana nacho, na wewe ukazaliwa ndani yake. Lakini kuna jambo moja Kiswahili hakikutusaidia. Mimi nilikulia chai ya rangi yenye tangawizi na sukari ya kutosha. Yeye, chai bila maziwa yaliyochemka pamoja na majani ni maji ya kuoshea mikono. Tulikuwa tumeoana juzi tu, tunaishi katika kachumba kamoja cha kambi ya polisi, na kila asubuhi tunabishana. Mimi nilikuwa kijana wa bendi ya polisi, napenda mambo yamalizike. Nikatafuta dawa ya kumaliza.

Jioni moja nikaweka themosi mbili nje ya mlango, moja yake, moja yangu. Nikawaita majirani wote, wanajeshi, polisi, wake zao, watoto. Kila mtu aonje zote mbili, kisha atumbukize kizibo cha soda kwenye bakuli la chai aliyoipenda. Ilikuwa sherehe, Atim. Watu walirudi kuonja mara ya tatu wakidai hawajaelewa vizuri. Mwishowe bakuli langu likajaa, lake likawa na vizibo vya kuhesabika, na nadhani kimoja alikitia mwenyewe. Niliingia ndani kifua mbele kama mbunge aliyetoka kuapishwa. Nikamwekea bakuli mezani. Mama yako akavitazama vile vizibo, akasema: "Sawa, afande. Umeshinda. Sasa nipishe nichemshe chai yangu."

Nilikasirika. Nilimwambia huo si uungwana, watu wameshaamua. Akaniuliza watu wameamua nini, maana ulimi bado uko kinywani mwake. Nikaona ni ubishi wa kike tu. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba kila mtu aliyekunywa nje ya mlango wangu jioni ile alikuwa ametoka kaskazini kama mimi, amenyonyeshwa chai ya rangi. Kura ilinieleza kitu cha kweli: majirani zangu wanapenda nini. Nilikosea pale nilipodhani imenieleza na mke wangu apende nini.

Nilikuona wewe pia, wiki ile video yako ilipoanza kuzunguka. Ulikuwa umekaa kitandani unasoma komenti. Vidole gumba vilikuwa vingi, lakini wewe ulikuwa unatafuta yule mmoja aliyeandika kwamba unaimba kama dereva wa lori. Ukampata, ukamsoma, ukarudi kumsoma tena. Nilitaka kuingia nikuhadithie habari ya vizibo. Nikapita zangu. Uoga tu, na uoga huo nitaueleza.

Na malakwang je, ile mboga ya kwetu? Wewe umemjua mama yako akiwa mlaji wa malakwang wa kutisha, anayepika chungu kizima na kuficha nusu. Hakuwa hivyo. Alipoletewa mara ya kwanza aliisukuma mpaka ukingoni mwa sahani, akasema ni chachu kama kitu kilichosahauliwa juani. Akaendelea kusema hivyo miaka. Halafu akawa na mimba yako. Siku moja nimerudi kutoka gwaride nikakuta sufuria tupu, na yeye ananiuliza iko wapi nyingine. Nikamkumbusha: si ulisema ni chachu? Akasema, "Ilikuwa chachu." Basi. Hakuona aibu, hakuomba msamaha kwa mboga wala kwangu. Mimi nilidhani lazima siku moja kati ya hizo mbili alikuwa anadanganya. Nilimchunguza kama mshukiwa. Hakudanganya siku yoyote. Ulimi wake ulisema kweli mwanzo na ulisema kweli baadaye.

Nakuambia haya kwa sababu najua unaogopa kwamba huko Nairobi unaweza kugundua hupendi tena unachokipenda leo. Uliniambia siku ile tunanunua sanduku. Inaweza kutokea. Haitamaanisha leo ulijidanganya.

Sasa, adungu hiyo uliyoishika.

Babu yako alikuja kututembelea kambini nayo begani, wewe hujazaliwa bado. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa tarumbeta jipya na bendi, nalisugua mpaka unajiona meno. Mzee akatoka kwenda kusalimia watu wa kwetu. Nikaijaribu adungu yake. Masikioni mwangu, masikio ya mtu aliyetoka kufundishwa, uzi wa tatu ulikuwa umeshuka. Si sana, lakini umeshuka. Nikasikitika. Nikasema mzee wangu amezeeka, sikio limemtoka. Basi nikachukua tarumbeta, napuliza sauti, nakaza uzi, napuliza, nakaza, mpaka nyuzi zote zikasimama sawasawa na shaba yangu. Nilijisikia mtoto mwema kabisa.

Mzee akarudi, akakaa, akapiga. Akasimama. Akagusa ule wa tatu peke yake, mara mbili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni mgeni gani alikuja. Nikamwambia kwa majivuno ni mimi, nimeitengeneza. Akaniuliza ilikuwa imevunjika wapi. Nikasema haikulingana na tarumbeta. Alicheka mzee yule mpaka akakohoa. Akaniuliza kama adungu yake na tarumbeta langu wamefunga ndoa. Kisha akakaa mlangoni jioni nzima akiuteremsha ule uzi kidogo kidogo, akiimba kwa chini, mpaka ulipofika pale sauti yake inapopenda kukaa. Hapo akanitazama, akaendelea na wimbo.

Unapaswa kuelewa, mimi sikuwa nimekosea hesabu. Uzi ulikuwa chini kwa tarumbeta, na hilo ungeweza kulithibitisha hata mahakamani. Nilikuwa na jibu sahihi kabisa la swali ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa ameliuliza.

Ungedhani hapo nilijifunza. Wapi. Kichwa changu unakijua.

Miaka ikapita, nikapanda cheo kwenye bendi, mashule yakaanza kuniita kuwa jaji wa kwaya. Nilipenda kazi ile, sikufichi. Meza yenye kitambaa cheupe, soda, biskuti, kengele ya kuwaruhusu watoto waanze. Tulikuwa na sehemu za kutoa alama: matamshi, kuingia pamoja, kupanda na kushuka kwa sauti, mavazi. Hizo hazina shida. Mtoto akiimba sauti ikashuka, imeshuka. Wote pale mezani tumesikia. Lakini mwisho kabisa kulikuwa na sehemu ya utamu kwa jumla, na hapo kila jaji anaweka anachotaka. Kwaya nyingi zilishinda na kushindwa hapo hapo. Tukishasimama kutangaza, tunatangaza kwa sauti ya kiaskari, kama mambo yaliyopimwa kwa rula.

Mwaka mmoja kwaya fulani ilishindwa kwa alama chache tu. Mwalimu wao, mwanamke mpole mwenye miwani, akaningoja getini. Akaniuliza kwa heshima: "Tumekosa wapi, afande?" Atim, hawakukosa popote. Ile kwaya nyingine niliipenda zaidi tu. Labda kwa sababu wimbo wao ulinikumbusha mama yangu akitwanga. Ndiyo ukweli wote. Lakini mimi nimevaa yunifomu, nina beji ya jaji kifuani, nitamwambiaje mwalimu mzima kwamba nilipenda tu? Nikatafuta sababu haraka haraka. Nikamwambia sauti zake za chini ni nzito mno, zinafunika wenzao. Akaandika. Akanishukuru.

Mwaka uliofuata wakarudi. Waliimba safi kama sahani zilizooshwa, na hakuna kitu ndani ya zile sahani. Sauti za chini hazikuwepo. Kulikuwa na msichana mrefu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akibeba sauti yote ya chini ya ile kwaya, wimbo umesimama juu yake. Nikamtafuta kwa macho. Nilimwona kando ya jukwaa, amekumbatia masweta ya wenzake.

Nilimfuata mwalimu. Akanipokea kwa furaha, akasema: "Tulifuata ushauri wako, afande." Nikamwambia amrudishe yule msichana, kwamba nilikosea, kwamba sauti yake ndiyo ilikuwa wimbo. Mwalimu akachanganyikiwa. Akaniuliza sasa kipi ni cha kweli, cha mwaka jana au cha leo. Na mimi, bingwa wa majibu, sikuweza kumwambia kwamba mwaka jana sikuwa na sababu, nilikuwa na mapenzi tu, nikaona haya kuyasema. Msichana yule sikumwona tena.

Nilirudi nyumbani jioni ile nimeinama. Wewe ulikuwa mdogo, unaoga kwenye karai, unaimba. Na sauti ilikuwa inatoka chini kabisa, kwenye tumbo, sauti ya babu yako katika mtoto wa kike. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza.  Kichwani nilimwona yule msichana na masweta. Nikajiapiza kwamba juu ya sauti yako mimi sitasema neno, si zuri si baya. Nikasifia tungo zako, nikasifia bidii, nikakununulia nyuzi, babu alipokuja kukufundisha nikamlipia nauli. Lakini sauti yenyewe nilinyamaza. Nilidhani kunyamaza hakumuumizi mtu. Ndivyo nilivyokulea, na ndiyo maana Jumapili nilicheka.

Sasa tuzungumze siku ile. Hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe.

Unakumbuka ukumbi ule upande wa Kibuli. Kanuni inasema jaji mwenye mtoto anaondoka mezani, kwa hiyo nilikaa na wazazi, mama yako amenishika goti kwa nguvu mpaka likafa ganzi. Ukaingia peke yako na adungu ya babu. Jaji akanyoosha mkono kwenye kengele, na hapo hapo adhana ikaanza kutoka kule msikitini. Mtoto mwingine angekutana na jambo hilo angebabaika. Wewe ulisubiri. Uliweka mkono juu ya nyuzi ukainamisha kichwa mpaka adhana ikaisha, kengele ikalia, ukaanza wimbo ule ambao babu alikuwa akiwaimbia ng'ombe wake.

Kuanzia hapo sijui kilichotokea. Nasema kweli. Mimi ambaye nasikia filimbi iliyokosea katikati ya gwaride zima, sikusikia uzi, sikusikia matamshi, sikuhesabu chochote. Nililia. Polisi mzima, na viatu nimeng'arisha, nalia mbele ya wazazi wa watu. Mama mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa.

Wakati wa kujumlisha alama, mwenyekiti wa majaji akanifuata nje, nilipokuwa nimesimama kando ya kreti za soda. Wewe na kijana mwingine mlikuwa mmelingana. Haikuwa halali kuniuliza, na alijua, ndiyo maana alinong'ona. Alisema haniulizi kama mzazi, anataka sikio langu tu. Akaniuliza ule uzi wa tatu wa binti yangu, uko sawa au umeshuka.

Nilifungua mdomo. Kwa tarumbeta uko chini, hilo nililijua tangu ujana wangu. Kwa babu yako uko nyumbani. Na kwa siku ile yenyewe sikuwa nimeusikiliza hata kidogo, nilikuwa nakusikiliza wewe. Nikamwambia, "Sijui." Akaondoka. Wakakupa nafasi ya pili. Kabla hatujafika getini mtu mwenye mdomo mwepesi alikuwa ameshakuambia kwamba baba yako aliulizwa, akasema hajui.

Ulikwenda nyumbani umekumbatia mfuko wa adungu. Miaka yote hii umebeba hilo neno ukidhani waliniuliza kama unaimba vizuri. Hawakuniuliza hivyo, mama yangu. Waliniuliza habari ya uzi. Laiti yule bwana angeniuliza nimeipenda au sikuipenda, jibu langu lingesikika mpaka Nateete.

Basi Jumapili umeniuliza wewe. Na mimi nikakujibu kama vile umeuliza kwa niaba ya dunia nzima. Nimelifikiria sana hili wiki hii. Kama sauti yako ni tamu kwa watu wote, siku zote, hilo siwezi kulimaliza mimi, wala kwaya ya majaji, wala vidole gumba vya Afrika nzima. Atakayekuambia anaweza, mtazame mikononi kama hana masweta ya kukupa. Lakini hukuuliza hilo. Ulimuuliza baba yako, jikoni, anafuta sahani. Na kwa swali hilo kuna mtu mmoja tu duniani mwenye jibu, jibu kamili lisilo na rufaa, na mtu huyo akaogopa kulitoa.

Mimi naipenda sauti yako, Atim. Naipenda pale inapoanzia chini kama mtu anayeamka, naipenda inapokwaruza kwenye mstari wa mwisho, naipenda ikiwa na mafua. Niliipenda kwenye karai. Sina sababu ya kukupa, na safari hii sitaitunga. Ikiwa mtu huko atakuambia haipendi, mwamini, maana anajua ulimi wake. Kisha mwambie akupishe uchemshe chai yako. Na wewe ukiulizwa na mtu unayempenda kama umekipenda kitu chake, usimpe hotuba kama niliyokupa mimi. Mwambie. Inachukua pumzi moja tu, na mimi nimeishika pumzi hiyo tangu ulipokuwa unaogea kwenye karai.

Nasikia boda imezima hapo chini. Ni wewe, namsikia mama yako anakuuliza kama umekula, na wewe unasema mara mbili. Nilipanga uyasome haya Nairobi, nikiwa mbali, nisiuone uso wako. Lakini sasa nimeshaandika na siwezi kukaa nayo mpaka kesho, hapana. Nakuja jikoni kukuambia kwa mdomo wangu, mama yako akisikia na asikie, jirani akisikia na asikie. Barua itaingia kwenye mfuko hivyo hivyo, ili siku ukisahau uwe na ushahidi wa maandishi.

Kwa hiyo hapo ulipo, ukisoma mstari huu, unajua tayari. Kaza nyuzi zote. Ule wa tatu uache chini.

Baba yako, ambaye anajua.